Kompyuta Iliyosahau Kiswahili

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni waalimu, na siku hizi wengi wao huandika mitihani kwa kompyuta kama sisi. Kwa hiyo twadhani hawatachukizwa tukiwasimulia hasara iliyotupata mwaka 2025, maana ni hasara ya namna isiyoonekana upesi kwa macho. Hapakuibwa kitu, wala hapakuungua kitu. Faili zetu zilibaki salama zote, hata moja haikupotea. Walakini tulipoteza kazi ya miaka minane, wala hatukujua kama tumeipoteza mpaka watoto wa darasa la sita walipotuonyesha.

Sisi twakaa Wanging'ombe, Mkoa wa Njombe, upande wa tambarare. Watu waliozoea kusikia habari za Njombe hudhani kwamba mkoa wote ni ukungu, baridi na mashamba ya chai; na waje huku kwetu mwezi wa Oktoba waone jua na vumbi. Kompyuta yetu ya kwanza tuliinunua mwaka 2017, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine, na kibao chake kilikuwa kimefutika herufi mbili. Tuliipenda sana. Lakini siku ya kwanza tulipoketi kuandika sentensi ya Kiswahili, tuliona ajabu: kila neno lilipigwa mstari mwekundu wa mawimbi chini yake, kama daftari la mtoto mvivu mbele ya mwalimu mkali. Neno "shule" lilikuwa kosa. Neno "mama" peke yake ndilo lililopita salama, nasi tukacheka. Jina la wilaya yetu lilikuwa kosa, na jina letu wenyewe kosa pia.

Mwenzetu mmoja akatuonyesha ya kwamba mashine yafundishika. Ukibofya neno kwa kitufe cha kulia, waweza kuiamuru iliongeze katika kamusi yako, na tangu hapo haitaliona kuwa kosa tena. Basi tukaanza kuifundisha. Kazi ile haikuwa ndogo, kwa sababu Kiswahili si kama Kiingereza. Katika Kiingereza kitenzi kina sura nne au tano tu, nawe ukizitia zote umemaliza. Lakini ukiifundisha mashine neno "soma", haijui "anasoma". Ukiifundisha "anasoma", haijui "wanasoma", wala "tulisoma", wala "hawakusoma", wala "watakaposoma", wala "asiyesomeshwa". Kila neno lililokuja mbele yetu tuliliingiza, leo matano, kesho kumi, na siku ya mtihani hata arobaini. Kila mwezi wa Januari tuliingiza majina ya watoto wapya: Mligo, Mgaya, Mwalongo, Ngimbudzi, Mtewele, Sanga. Kwetu sisi halikuwa jambo zuri kuorodhesha majina ya watoto wa watu na kuyaona yamepigwa mistari myekundu kama kwamba wazazi wao walikosea kuwaita hivyo.

Tena yalikuwako mambo mengine, nayo twaomba wasomaji watuvumilie tukiyaeleza, maana ndiyo yaliyokuja kutuumbua.

Katika mitihani yetu ya kuchagua, majibu hutiwa alama (a), (b), (c), (d) na (e). Sasa programu nyingi za kuandikia, kama zinavyotoka kwa watengenezaji, zina desturi ya kujisahihishia zenyewe pasipo kuulizwa. Ukiandika herufi c ndani ya mabano, huigeuza ikawa ©, yaani alama ya haki ya mwenye kitabu. Ukiandika e ndani ya mabano, nyingine huigeuza ikawa €, yaani alama ya fedha ya Ulaya. Kadhalika huamini kwamba kila nukta ni mwisho wa sentensi, basi ukiandika "n.k." au "k.m.", neno lifuatalo hulipa herufi kubwa hata kama halistahili. Tulipojua mahali pa amri hizi tulizifuta moja moja, na vifupisho vyetu vya Kiswahili tukavitia katika orodha ya vile visivyofuatwa na herufi kubwa.

Tukaendelea zaidi, tukaitumia desturi hiyo hiyo ya kujisahihisha kwa faida yetu. Kila barua ya shule huanza kwa maneno yale yale marefu, nasi tukaifundisha mashine ya kwamba tukiandika "jmt" iandike "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania". Tukiandika "ort" iandike "Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa". Tukiandika "hww" iandike "Halmashauri ya Wilaya ya Wanging'ombe". Vidole vyetu vikazoea hata tukasahau kwamba maneno hayo yana urefu. Ukurasa nao tuliupanga uwe wa karatasi ya A4, ambayo ndiyo karatasi ya nchi yetu, milimita 210 kwa 297. Kwani mashine iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani hutazamia karatasi yao waiitayo Letter, milimita 216 kwa 279, pana zaidi kidogo na fupi zaidi. Na mistari tuliibana isiwe na nafasi kubwa kati yake. Hili la mistari laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyenunua karatasi. Katika Word ya Microsoft, kwa mfano, mpaka toleo la mwaka 2003 herufi za kawaida zilikuwa Times New Roman na mistari ilikaa karibu karibu. Toleo la 2007 likaleta herufi za Calibri, likapanua nafasi kati ya mistari, na baada ya kila aya likaacha pengo. Kwa macho ni pazuri. Kwa shule yenye rimu mbili za kumaliza muhula ni habari nyingine.

Basi miaka minane ikapita, na mashine ile ikawa kama karani mzee anayejua desturi za ofisi. Hatukumkumbuka tena kuwa zamani alikuwa mgeni.

Mwaka 2025 tukasikia ya kwamba tarehe 14 Oktoba Windows 10 itaachwa na watengenezaji wake, wala haitapata marekebisho ya usalama ya bure kama zamani. Kompyuta yetu ilikuwa nzee mno kupokea Windows 11 kwa utaratibu wa kawaida. Tena faili zilizotujia kutoka kwa wenzetu zilianza kufunguka kwa shida, majedwali yamepinda. Tukaweka akiba, na mwisho wa mwezi ule tukapanda basi kwenda Makambako.

Makambako ni mji wa njia panda. Barara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita hapo, na ile ya Njombe na Songea huanzia hapo, na reli ya TAZARA ina stesheni yake. Kwa hiyo bidhaa za kila namna hupatikana, hata kompyuta zilizotumika. Fundi tuliyemwendea ni kijana mwenye adabu.

"Kamwene, mwalimu," akasema.

"Kamwene."

Akatuonyesha kompyuta nyingine, si mpya, lakini changa kuliko yetu, yenye Windows 11 na toleo jipya la programu ya kuandikia. Tukapatana bei: tutaiacha ile ya zamani kwake, na kuongeza fedha juu. Kisha akauliza kama inavyompasa fundi mwema kuuliza: "Mwalimu, vitu vyako vya muhimu viko wapi humu?" Nasi tukamwonyesha folda mbili zenye mitihani, barua, maazimio ya kazi na picha za watoto. Akanakili zote katika flashi, akazitia katika kompyuta mpya, akatufungulia tatu nne tuone kwamba ni nzima. Tukashukuru, tukarudi nyumbani na furaha ya mtu aliyenunua baiskeli.

Yaliyofuata ni makosa yetu wenyewe kwa sehemu kubwa, nasi hatuoni haya kuyasema. Tulikuwa na zamu ya kutunga mtihani wa Kiswahili wa kufunga mwaka kwa darasa la sita, maswali 40. Tuliutunga kwa mkono, tukausoma mara mbili katika daftari, tukauona hauna dosari. Usiku tukauingiza katika kompyuta mpya huku tukitazama daftari, wala si kioo, kwa maana vidole vyetu vilikuwa vikijua kazi yao. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi. Tuliona mistari myekundu imejaa ukurasa, lakini tukasema moyoni, "Ni kompyuta mpya, itazoea," kana kwamba ni mgeni wa nyumbani. Asubuhi tukapeleka flashi kwenye duka la fotokopi. Printa ikasimama na kuwasha taa, ikidai karatasi isiyokuwako. Kijana wa duka akailazimisha kwa kubofya mara kwa mara. Mtihani uliokuwa ukituchukua karatasi mbili siku zote ukatoka karatasi tatu. Watoto ni 86. Basi karatasi 86 zilizidi hesabu ya fedha tuliyopewa, nazo tulizilipa kwa mfuko wetu. Muda ulikuwa umekwisha, tukakimbilia darasani.

Baada ya nusu saa hivi mtoto wa kike akainua mkono. "Mwalimu, hii herufi ya tatu yaitwaje?"

Tukaenda tukaitazama karatasi yake. Katika kila swali, mahali pa (c) palikuwa na ©, na mahali pa (e) palikuwa na €. Maswali 40, yote namna hiyo. Tukaandika ubaoni kwamba ile ya duara ni c na ile nyingine ni e, lakini watoto wengi walikuwa wamekwisha kuvuka nusu ya maswali, na mtoto wa darasa la sita aliyekwisha kuandika kwa wino hapendi kufuta.

Jioni tulipokuwa tukisahihisha tuliwaona. Wengine walikuwa wameandika c, wakikisia sawasawa. Wengine waliacha pengo, kwa maana jibu walilijua lakini herufi yake hawakuijua. Wengi, kwa utii wao, walikuwa wamechora © kama ilivyo: c ndogo, na duara yake ikiizunguka taratibu, hata wengine walitumia kizibo cha kalamu kuipata duara. Mmoja aliandika kwa maneno, "se ya ndani ya mviringo." Sisi tulikuwa tumewafundisha mwaka mzima kwamba mtihani hufuatwa kama ulivyoandikwa. Tuliwapa alama wote waliochora, na wale walioacha pengo tuliwaita mmoja mmoja siku ya pili, tukawauliza kwa mdomo. Hata hivyo hatukulala vizuri usiku ule, kwa kuwa tulijua ya kwamba mtoto mwoga akiitwa mbele ya meza ya mwalimu husahau hata alichokijua.

Siku hiyo hiyo Mwalimu Mkuu akatuita ofisini. Alikuwa ameshika barua tuliyomwandikia kwa ajili ya Afisa Elimu wa Kata.

"Mwalimu," akasema, "hii 'jmt' iliyokaa hapa juu ndiyo nini? Na 'ort' je? Ni Kibena?"

Yeye ni mama mpole, na alikuwa akicheka, lakini sisi tulitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi tukarudi Makambako. Fundi akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Mwalimu, nilikuuliza vitu vyako viko wapi, ukanionyesha folda mbili. Hayo mengine hayakai huko. Yanakaa ndani, mahali palipofichwa."

"Pamefichwa na nani?"

"Pamefichwa na mashine yenyewe, ili mtu asiyaharibu kwa bahati mbaya."

Akatuonyesha. Yale yote mtu anayoizoeza programu hayaandikwi ndani ya barua zake wala mitihani yake. Huandikwa pembeni, katika faili ndogo ndogo ndani ya folda la mtumiaji, nalo halionekani mpaka uamuru mashine ionyeshe vilivyofichwa. Katika Word, sura ya ukurasa mpya hukaa katika kiolezo kiitwacho Normal.dotm, na maneno uliyoyaongeza hukaa katika faili iitwayo CUSTOM.DIC, vifupisho vya kujisahihisha vina faili yao nyingine. Katika LibreOffice mambo kama hayo hukaa katika folda moja la mtumiaji. Mtu akipandisha toleo katika kompyuta ile ile, mara nyingi programu mpya huyachukua, ingawa si yote wala si siku zote. Lakini akihamia kompyuta nyingine, au diski ikisafishwa, hayamfuati ila yeye mwenyewe ayabebe. Faili hizi ni ndogo mno: yote tuliyoyafundisha kwa miaka minane yangeenea katika nafasi ndogo kuliko picha moja ya simu.

Tukauliza, "Ile yetu ya zamani iko wapi?"

Alinyamaza kidogo. Ilikuwa imekaa rafuni pake wiki tatu, akasema, bila kuguswa. Wiki iliyopita alipata mteja, akaipiga Windows upya, na mteja akaichukua akapanda basi la Tunduma.

Hatukuwa na neno la kumlaumu. Alikuwa ametuuliza, nasi tulikuwa tumejibu. Ila tulipokuwa tukirudi, tumeketi dirishani, lilituingia jambo ambalo tangu siku ile hatujaliacha. Mwingereza au Mmarekani akipatwa na hasara hii hupoteza raha yake: vitufe alivyovipanga, herufi alizozipenda. Lugha yake haipotei, kwa kuwa lugha yake ilitiwa ndani ya mashine huko ilikotengenezwa, na kila toleo jipya huja nayo. Kompyuta tuliyoijua sisi haikutujia na Kiswahili. Kiswahili chake kilikuwa ni kile tulichokitia kwa kidole, neno kwa neno, katika faili iliyofichwa. Tulipohama, Kiingereza kilikuwako kikitungojea katika mashine mpya. Kiswahili kilibaki Makambako rafuni.

Hatusemi kwamba wenye elimu hawakujitahidi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia yenye menyu za Kiswahili, na baadaye Microsoft nao wakatoa sura ya Kiswahili kwa Windows na Office zao. Ziko pia kamusi za tahajia za Kiswahili ambazo mtu aweza kuzipata bure na kuzitia katika LibreOffice. Tumekwisha kuijaribu moja, nasi twaisifu. Lakini haimjui Ngimbudzi, wala Igwachanya yalipo makao makuu ya wilaya yetu. Na zaidi ya hayo, mwalimu wa kijijini hapewi habari kwamba kamusi hizo ziko. Wazee wa Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930, walipokubaliana namna ya kuandika maneno, walihakikisha yanapigwa chapa, na kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 mpaka leo yaweza kushikwa mkononi. Sisi tulikuwa tumeamua mambo yetu elfu na kuyaweka mahali ambapo hata sisi wenyewe hatukupajua.

Likizo ya Desemba tukaanza upya. Safari hii tulinunua kwanza daftari la kurasa 96. Kila amri tuliyoifuta, na kila kifupisho tulichokitia, tuliandika kwa kalamu, pamoja na njia ya kufikia mahali pake. Kuhusu maneno, kijana mmoja mwalimu wa hesabu alitufundisha jambo ambalo lingalituokolea miaka: faili ya kamusi ya mtumiaji ni orodha tu, neno moja katika kila mstari, na mtu aweza kuijaza kwa mkupuo mmoja. Tukachukua mitihani yetu ya zamani, tukaikusanya, tukapanga maneno yote kwa mistari, tukaondoa yaliyojirudia. Tulipata maneno 3,900 na zaidi. Tuliyasoma yote kabla ya kuyaingiza, na humo tulikuta makosa yetu kumi na manane, ambayo zamani tulikuwa tumeyafundisha kuwa sahihi bila kutambua. Mojawapo ni "ratibisha" tuliyoiandika "ratibicha", na mashine ilikuwa imetuamini miaka yote hiyo.

Faili hiyo sasa iko katika flashi mbili, moja nyumbani, moja katika kabati la ofisi karibu na chaki. Mwezi wa Februari mwalimu wa shule jirani, upande wa Mdandu, naye akielekea kubadili kompyuta, alikuja kuazima daftari na flashi. Alikaa navyo siku kumi. Aliporudisha tulikuta ameongeza kurasa mbili kwa mwandiko wake mwenyewe, majina ya watoto na vijiji vya kwao, na chini ameandika: "Angalieni pia desturi ya tarehe, ya kwetu ilitanguliza mwezi."

Tukaitazama ya kwetu. Ilikuwa imetanguliza mwezi vile vile, katika barua saba zilizokwisha kwenda.